Diski Ndani ya Sanduku la Nguo za Baba

Kabula alipofungua sanduku la bati wiki iliyopita, harufu ilitangulia. Dawa ya nondo, bati lililoshika joto, na chini yake kabisa ile harufu kavu ya pamba ambayo kila aliyekulia Bariadi anaijua, inayokwangua koo kidogo kama vumbi lenye mafuta. Mdogo wangu huyo amepata kazi Dodoma na alikuwa anatafuta mashuka ya kuondoka nayo. Badala ya mashuka akaibuka na chuma cha ukubwa wa daftari dogo, kizito, chenye kutu kwenye pembe.

"Dada, hili dude bado unalo? Nitupe?"

"Weka hapo," nilimwambia.

Akaliweka juu ya meza akaendelea na mashuka yake. Mimi nikakaa. Kazi niliyokuwa nayo ya kuchambua mchele ikasimama, nikarudi mtaani kwetu Somanda, enzi zile, kwenye kile chumba chenye mlango wa mbao wa rangi ya bluu.

Baba yetu alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Tulio wa umri mmoja tunakumbuka ilivyokuwa pale wanunuzi binafsi walipoanza kuingia na malori yao, kila mmoja na mizani yake, na ushirika ukaanza kupungua kama mtu anayeumwa bila kusema. Watu walipunguzwa kazini kwa barua. Baba naye alipata yake. Alirudi nyumbani akaisoma tena mezani, akaikunja, akasema, "Barua yenyewe imechapwa vibaya. Hata mimi ningechapa vizuri kuliko hivi."

Nadhani wazo lilianzia hapo. Mnunuzi mmoja alipofunga ofisi yake ya msimu, baba alinunua kompyuta iliyokuwa imetumika, akapanga chumba kando ya duka la vitenge la Mama Zuhura, na akaandika ukutani kwa mkono wake: TUNACHAPA BARUA, MITIHANI, KADI ZA HARUSI. Watu walikuja kuangalia tu. Wazee waliotoka minadani walisimama mlangoni na fimbo zao wakisalimia, "Mwadila!" halafu wakabaki wanatazama herufi zikitokea kwenye kioo, wakicheka kwa aibu kama wameona mtu anaoga.

Baba alichapa kwa vidole viwili. Kt-kt, halafu kimya kidogo, halafu kt. Alikuwa anatafuta herufi kama mtu anayetafuta kuku aliyetagia vichakani. Lakini mimi alitaka nijue kwa vidole vyote kumi. Jioni baada ya shule alinikalisha, akafunika mikono yangu kwa kitambaa ili nisione kibodi, akaniandalia mazoezi kwenye kompyuta, moja baada ya jingine. Folda la mazoezi yale alilipa jina MAYU. Kwetu mayu ni mama, na ndivyo mababa wengi wa Kisukuma wanavyowaita binti zao. Nilikuwa nimefika zoezi la saba alipoanza kuumwa kifua.

Mama alikuwa ametangulia siku nyingi, Kabula akiwa bado ananyonya. Baba alipolazwa, niliacha kidato cha kwanza ili nishike ofisi asubuhi na kupeleka uji hospitali mchana. Hakuna aliyeniambia niache. Siku moja sikwenda, siku ya pili sikwenda, na sare ikawa nguo ya kufulia. Mdogo wangu Masanja alikuwa na miaka kama kumi, Kabula alikuwa bado hawezi kufunga vifungo. Baba alifariki pamba ikiwa inaanza kupasuka mashambani.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Ile kompyuta ilikuwa na sauti. Ndani ya lile boksi, kila ilipokuwa inafanya kazi, kitu kilikuwa kinagonga: kt-kt, kimya kidogo, kt. Baba alipokuwa hai sikuitilia maanani. Baada ya msiba, nikiwa peke yangu ofisini, niliisikia. Ilikuwa ni yeye kabisa, na vidole vyake viwili. Nilikuwa na miaka kumi na tano, si mtoto wa kuamini kila kitu, na bado niliamini. Niliona kwamba baba alikuwa amebakiza kazi humo ndani na anaimalizia taratibu.

Enzi za uhai wake alikuwa ameagiza diski mpya Mwanza, kwa kuwa ile ya zamani ilijaa na kuchoka. Ilifika mwezi mmoja baada ya mazishi. Fundi Rama, aliyekuwa akitoka Shinyanga kila mwezi kuhudumia mashine za ofisi za mjini, alikuja kuifunga kama alivyokuwa ameahidiana na baba. Nilisimama pembeni nikishika bisibisi. Alifungua boksi akanionyesha: hii ya zamani, ile mpya, zote zimekaa kwenye waya mmoja mpana kama utepe. Akaweka mfumo mpya kwenye diski mpya. Ilichukua kutwa nzima, flopi na sahani za CD zikiingia na kutoka, jenereta la Mama Zuhura likinguruma nyuma ya ukuta. Mwisho kompyuta ikawaka na rangi ambazo sikuwahi kuziona, na haraka mara mbili.

"Sasa kazi zote utafanyia kwenye hii mpya," alisema Fundi Rama huku anafuta mikono. "Hii ya zamani inaumwa. Unaisikia inavyogonga? Ikianza hivyo haina siku nyingi. Lakini iache humo humo, mwezi ujao nitakuja kuhamisha vitu vya mzee."

Kwa hiyo sauti ilikuwa inatoka kwenye ile ya zamani. Mimi nililisikia hilo tu. La kuiacha humo humo lilipita sikioni likatoka.

Kesho yake baba mdogo akaja kutoka Zagayu. Huyu ni mdogo wake baba, mrefu, mkimya, mfugaji wa ng'ombe na mkulima wa pamba, na ndiye aliyekuwa amebaki mkubwa wa ukoo. Alikuja kuandika mali ya marehemu, kwa sababu siku ya kuondoa matanga ilikuwa imepangwa, na siku hiyo ndugu hukaa wakagawana kilichoachwa. Na sisi tulikuwa miongoni mwa kilichoachwa. Nilikuwa nimeshasikia wakizungumza uani: Masanja aende Zagayu akachunge, Kabula achukuliwe na shangazi yetu, tuliyemwita sengi, akakae naye Lalago, na mimi nikae kwa baba mdogo mpaka atakapotokea mtu. Mtu wa aina gani, hawakusema, wala sikuhitaji kuambiwa.

Aliandika baiskeli. Aliandika redio. Halafu akaingia ofisini, akaizunguka kompyuta kama anakagua dume la mnadani.

"Hii inawalisha?"

"Inatulisha, baba."

"Nitaona mwenyewe siku ya matanga. Kama hailishi, tunaiuza." Akainama akagonga boksi kwa kidole. "Na ndani yake kuna nini cha maana?"

Alipotoka kwenda kunywa chai, nilikuwa nimeshaamua. Waliweza kugawana boksi, kioo, hata hiyo diski mpya. Ile inayogonga hawakuwa na haki nayo. Nikachukua bisibisi ya baba, nikafungua kama nilivyomwona fundi anafungua, nikachomoa diski ya zamani, nikarudisha kifuniko. Nikaizungushia shati lake la kazini na kuitia chini kabisa kwenye sanduku la bati lililokuwa na nguo zake. Niliona nimepata maficho yasiyo na mfano. Kwetu, sanduku la nguo za marehemu halifunguliwi mpaka siku ya matanga, mbele ya ndugu wote. Hakuna mtu angeingiza mkono humo.

Asubuhi, baba mdogo alifunga sanduku lile kwa kamba nyuma ya baiskeli ya mtu aliyefuatana naye. Nguo za marehemu hutunzwa na ndugu yake, alisema, na ndivyo ilivyo. Nilisimama mlangoni nimemshika Kabula mkono, nikaliangalia likienda mpaka likapotea kwenye kona ya mashine ya kusaga. Nilijifariji kwamba huko litakuwa salama zaidi.

Nikaenda ofisini. Mwalimu mmoja alikuwa ameniachia mitihani ya kuchapa. Nikabonyeza kitufe.

Feni ilizunguka. Kioo kikabaki cheusi. Halafu juu kabisa, pembeni, yakatokea maneno meupe ya Kiingereza, mstari mmoja, na alama ndogo chini yake inayopepesa. Nikazima, nikawasha. Yaleyale. Nikanakili maneno kwenye daftari herufi kwa herufi na kuyasoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha kwanza: mfumo haupo. Nikaiambia mashine kwa sauti, "Upo! Si umewekwa juzi tu?"

Simu ilikuwa kwa Mama Zuhura, ya kulipia, imefungwa kufuli kwenye kijisanduku cha mbao. Mama Zuhura alikuwa mtu wa Tabora, mnene, mwepesi wa maneno, na mkarimu bila kupenda ijulikane. Waya wa simu haukufika ofisini kwangu, na mimi sikuweza kuwa kwenye simu na kwenye mashine kwa wakati mmoja. Basi akashika simu yeye, akawa anapaza sauti kupitia ukuta wa mbao.

"Fundi anasema waya wa umeme umechomeka vizuri?"

"Umechomeka!"

"Anasema umechomeka... Anasema yeye si mjinga, feni ikizunguka umeme upo, alikuwa anakupima tu. Fungua boksi!"

"Nimefungua!"

"Kandamiza ule waya mpana kama utepe. Kandamiza kama unafunga mtoto mgongoni!"

Nikakandamiza. Nikawasha. Maneno meupe.

"Bado!"

"Anasema bado, fundi... Haya. Anasema diski zikiwa mbili kwenye waya mmoja, moja inawekwa kuwa mkubwa, nyingine mdogo. Kuna kibanio kidogo cheusi nyuma. Anauliza, zote mbili zimo?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya boksi, kwenye nafasi tupu iliyobaki na alama ya vumbi ya mstatili.

"Zimo!" nikajibu.

"Anasema zimo," akasema Mama Zuhura, na uongo wangu ukasafiri mpaka Shinyanga kwa mdomo wa mwanamke anayeswali mara tano.

"Anauliza umetoa kitu chochote humo?"

"Hapana!"

Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Ya pili tukahamisha kibanio cheusi huku na huku mpaka kikaniangukia sakafuni na Masanja akakipata kwa kulamba kidole na kukigusisha. Ya tatu tukazima, tukapumzisha, tukapuliza vumbi. Kila siku Fundi Rama alikuwa mpole zaidi, na kila siku mimi nilizidi kuwa mbali na kusema kweli. Nilijiambia haihusiani. Mfumo uliwekwa kwenye diski mpya, na diski mpya ipo, naiona. Usiku nililala na wazo jingine, baya zaidi: kwamba mashine imegoma kwa sababu nimegusa kitu cha marehemu kabla ya matanga. Nilifikiri imefiwa kwa mara ya pili, na safari hii aliyeua ni mimi.

Mwalimu alikuja kuulizia mitihani. Nikamwomba siku mbili. Matanga yalikuwa yamebaki siku tano.

Siku ya nne fundi alisema nitumbukize flopi aliyoniachia, ile ya dharura. Kioo kikawa na herufi A na alama inayosubiri. Tulipiga kelele wote, mimi na Mama Zuhura, huku na huku ya ukuta. Fundi akaniagiza niandike hiki na kile, orodha ikatiririka.

"Anasema tafuta folda lenye jina Mayu. Alilikuta humo siku ile. Likionekana hilo, diski ya mzee ni nzima."

Nilitafuta. Nilijua halipo, na bado nilitafuta, jina kwa jina, kwa kidole juu ya kioo.

"Halipo."

Halafu sauti ya Mama Zuhura ikaja, ya chini, si ile ya kupayuka. "Anasema uje mwenyewe kwenye simu."

Nikazunguka. Chombo cha simu kilikuwa na joto la shavu lake.

"Binti," alisema Fundi Rama, "unayoiona hapo ni diski mpya imekaa mahali pa mkubwa. Ya zamani haimo. Mimi sikuulizi kwa nini. Nauliza iko wapi."

Nikalia. Mama Zuhura akageuka akaanza kukunja vitenge vilivyokuwa vimekunjwa tayari.

"Iko Zagayu," nikasema. "Lakini fundi, si ulisema kazi zote ziko kwenye mpya?"

"Kazi, ndiyo. Sikiliza. Ukiwasha mashine ni kama unapiga hodi. Anayesikia hodi ni mkubwa. Yeye ndiye anamwamsha mdogo, anamwambia kumekucha, kuna wageni. Nilipoweka mfumo mpya kwa mdogo, hilo neno la kuamsha lilibaki kwa mkubwa. Ni kitu kidogo sana, hakijazi hata robo ya flopi. Ukimwondoa, mdogo yupo pale, mzima, ana kila kitu. Hakuna wa kumwamsha tu." Akakohoa. "Kosa langu pia. Ningekueleza. Kailete."

Alfajiri nilimwachia Mama Zuhura watoto, nikapanda lori lililokuwa linakwenda Zagayu kuchukua pamba, nimekaa juu ya magunia matupu. Nilimkuta baba mdogo zizini. Sengi naye alikuwa amekwisha fika kutoka Lalago kwa ajili ya matanga, amekaa kwenye kigoda anapepeta mtama.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Kuna nini? Mtoto anaumwa?"

"Hapana. Nimefuata kitu. Kiko ndani ya sanduku."

Hakuniuliza sanduku lipi. Akatikisa kichwa taratibu, kama anamkatalia ng'ombe. "Sanduku halifunguliwi. Unajua."

"Najua, baba."

"Umeficha hela humo?"

"Chuma. Chuma cha kompyuta. Bila hicho haiwaki."

"Kwa hiyo haiwaki," akasema, na nikaona neno lile likikaa mahali pake kichwani mwake. "Basi imekwisha. Ya nini kuhangaika? Siku ya matanga tutafungua, utachukua chuma chako, na mashine tutaiuza."

"Siku ya matanga nitakuwa nimechelewa. Wewe ulisema utaona mwenyewe kama inalisha. Utaona nini, kama imezimwa kwa sababu yangu?" Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo kabla ya siku ile. "Nipige, baba, lakini nipe. Nikishindwa na mashine inawaka, nitakuja mwenyewe na Masanja na Kabula, na maneno yataishia hapo."

Ng'ombe mmoja akapiga chafya.

Sengi hakuacha kupepeta. "Nani amesema mfungue?" akauliza.

"Sasa kitatokaje, dada?" akasema baba mdogo.

"Kufungua ni kuangalia. Inua kifuniko kiasi cha mkono kupita, mtoto atie mkono, sisi tuangalie ng'ombe. Nani atakuwa ameona nguo za marehemu?"

"Dada, hayo mambo yana..."

"Marehemu ni kaka yangu kabla hajawa wako. Inua."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba mdogo akashika kifuniko, uso ameuelekeza zizini. Sengi akaangalia zizini. Na mimi, nimepiga magoti nikitazama ng'ombe wekundu kwa weupe, nikaingiza mkono mpaka begani. Vidole vyangu vikapita kwenye koti, kwenye suruali yenye kitambaa cha kukwaruza, vikafika kwenye shati. Niliijua kola yake. Niliijua sehemu iliyolika. Mkono ulitaka kubaki humo. Harufu ilitoka kwenye ule mwanya, pamba na mafuta ya mashine na jasho lake, na nikasikia baba mdogo pembeni yangu anavuta pumzi ghafla kisha akaizuia. Nikaifungua diski kwa kupapasa, nikaliacha shati, nikatoa chuma peke yake.

"Hiki?" alisema baba mdogo kifuniko kiliporudi. Alikipima mkononi. "Hiki ndicho kinachowasha?"

"Ndicho."

"Naenda nawe. Nataka kuona."

Alikishika mapajani njia nzima juu ya magunia ya pamba, amekifunika kwa kofia yake dhidi ya vumbi. Tulipofika, Mama Zuhura aliwasha jenereta hata kabla sijaomba. Nikarudisha diski mahali pake, nikabana waya, nikaweka kibanio cheusi upande wa mkubwa. Masanja na Kabula walisimama mlangoni wameshikana.

Nikabonyeza.

Feni. Kioo cheusi. Hesabu zake zikapita. Halafu, ndani ya boksi: kt-kt. Kimya kidogo. Kt. Na rangi zikafunguka.

Mama Zuhura alipiga kigelegele nyuma ya ukuta. Nikageuka kumwangalia baba mdogo. Alikuwa amevua kofia. Alikuwa haangalii kioo, alikuwa ameinamisha sikio kuelekea kwenye boksi, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Huyo," alisema kwa Kisukuma, polepole. "Si kaka huyo anachapa?"

Nilidhani ni mimi peke yangu niliyemsikia.

Siku ya matanga alikuja asubuhi mapema kuliko wote, na karatasi ameikunja mfukoni. Mahakama ya mwanzo ilitaka muhtasari wa kikao cha ukoo uwe umechapwa, na rasimu ilikuwa isomwe mbele ya ndugu mchana. Mchapaji wa karibu alikuwa mimi. Sengi akaketi nyuma yangu. Ofisini kulikuwa na watu watatu wanasubiri, na mwalimu alikuwa amechukua mitihani yake jana yake na kuleta mingine.

Nikachapa namba moja, baiskeli. Namba mbili, redio. Namba tatu ilikuwa sisi. Iliandikwa kwa mwandiko wake mnene: Masanja Zagayu, Kabula Lalago. Vidole vyangu vilisimama. Halafu vikaendelea, vyote kumi, bila kuangalia kibodi, kwa sababu nimepewa kazi na mwenye kazi amesimama hapo.

"Futa," alisema baba mdogo.

"Baba?"

"Futa hiyo. Kwani mashine haifuti?"

"Inafuta."

"Basi futa." Akamgeukia sengi. "Dada, wewe utamchukua huyu mdogo?"

"Mtoto wa umri ule nitamkimbiza kwa miguu ipi?" akasema sengi. "Na huyo Masanja, ng'ombe zako zimekosa wachungaji?"

Baba mdogo akasikiliza ule mlio wa taratibu ndani ya boksi. Kisha akasema, akitamka neno kwa neno kama anavyoona watu wa ofisini wakifanya: "Andika. Namba tatu. Watoto watabaki pamoja Somanda, katika mji wa baba yao. Ng'ombe mmoja wa maziwa ataletwa. Mkubwa wao ni..." Akaninyooshea kidole. "Weka hapo jina lako."

Nikaliandika. Nilikosea herufi mbili, mimi niliyekuwa sikosei, nikafuta, nikaandika tena. Mchana muhtasari ulisomwa mbele ya ndugu wote, ukapita. Nguo za baba zikagawanywa, na sanduku likabaki kwangu.

Fundi Rama alikuja mwezi uliofuata kama alivyosema. Kwa dakika chache tu alilihamisha lile neno la kuamsha likaenda kwenye diski mpya, akazima, akaitoa ya zamani, akawasha. Mashine ikawaka yenyewe, bila sauti. "Sasa mdogo anaweza kuamka mwenyewe," alisema. Kabla hajaitoa aliniuliza kama anakili na folda la MAYU. Tulilifungua pamoja. Nilidhani nitakuta mazoezi saba. Yalikuwa kumi na mawili. Baba alikuwa ameandaa matano zaidi, akiwa ameanza kuumwa, bila kuniambia.

Nilimaliza manne jioni ile ile, fundi akiwa amekaa nje na Mama Zuhura. La kumi na mbili sikulifungua, na nikamwomba asilinakili. Akili yangu ya wakati ule iliona kwamba kazi isiyoisha humzuia mtu kuondoka. Nikasema nitalifanya siku mtoto wa mwisho atakapotoka nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Masanja ana watoto wanne sasa. Kabula alimaliza kufunga mashuka, akakaa kitandani, akakiangalia tena kile chuma mezani.

"Ni nini lakini, dada? Hata haisomeki tena hiyo. Hakuna mashine ya kuipokea."

"Najua. Kitu cha baba. Kuna zoezi humo sijamaliza."

Hakucheka. Alichukua kitenge kimoja kati ya vile alivyokuwa anaondoka navyo, akakizungushia chuma kile mara mbili, akakirudisha chini kabisa ya sanduku, akafunga kifuniko. Basi lake liliondoka alfajiri.